Masoko ya ubashiri kwenye futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu: ni biashara au ni kubeti?

Mleta mada: Kalshi, soko la mtandaoni ambapo watu hununua na kuuza mikataba ya "Ndiyo" au "Hapana" kuhusu matukio, ilipoanza kuuza mikataba ya michezo Januari 2025, ilifungua majimbo yote 50, hata Texas na California ambako kubeti mechi mtandaoni si halali. Hoja yao ni kwamba wako chini ya CFTC, tume ya shirikisho inayosimamia masoko ya mikataba ya aina hii, kwa hiyo sheria za kamari za majimbo haziwagusi. Mimi nawaunga mkono. Kampuni ya kubeti ndiyo mpinzani wako, na ndiyo hiyo hiyo inayopanga odi. Hapa mpinzani ni mnunuzi mwenzako: anayetoa senti 62 kwa "Ndiyo, Ohio State itaifunga Michigan" hukutanishwa na anayetoa 38 kwa "Hapana". Mechi ikiisha, upande mmoja unalipwa dola 1, mwingine sifuri. Na si lazima usubiri mwisho. Bei ikifika 80 robo ya tatu, unauza.

Mchangiaji wa 2: Mkuu, umeruka ada. Kanuni yao ya kawaida ni 0.07 × idadi ya mikataba × bei × (1 − bei). Mikataba 100 kwa senti 62 ni dola 62, ada dola 1.65. Maana yake uwe sahihi mara 63.65 kwa kila 100, si 62, ndipo usipate hasara.

Ila pesa nyingi hupotelea kwenye oda, yaani agizo lako la kununua au kuuza. Mechi ya Jumanne usiku ya timu ndogo, wauzaji ni wachache. Ukibonyeza "nunua 100" kwa bei yoyote iliyopo, unapata 40 kwa senti 62 na 60 kwa senti 66: wastani 64.4, kabla ya ada. Weka bei yako mwenyewe. Lakini usiiache oda hiyo mechi ikichezwa! Umeweka kununua kwa 55, pasi ya kwotabeki (mrusha pasi) wa timu uliyoichagua imenaswa na wapinzani, thamani imeshuka hadi 40. Picha ya kwenye simu yako imechelewa sekunde kadhaa. Aliyeona mapema ameshakuuzia kwa 55.

Mchangiaji wa 3: Hiyo "aliyeona mapema" ndiyo inayonifanya nipinge. NFL, ligi ya kulipwa, ina ripoti ya majeruhi kwa ligi nzima. Vyuo havina ya taifa: vyuo hucheza katika ligi mbalimbali; ligi ya Big Ten ilianza yake 2023, SEC 2024, na ligi nyingine kila moja na utaratibu wake. Mwanafunzi anayekaa bweni moja na kwotabeki anajua kifundo cha mguu kimevimba tangu Jumatano. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inawakataza wachezaji na makocha kubeti mechi za vyuo; huyo wa bwenini haimgusi.

New Jersey inakataza kampuni za kubeti kupokea dau la mechi za vyuo vyake, Rutgers wakiwemo, kwa kuwalinda vijana hao. Soko la ubashiri linapita juu ya katazo hilo, na linamruhusu wa miaka 18 wakati majimbo mengi yanadai 21.

Mleta mada: Hapo kwenye umri nakubali, ndugu yangu, iwe 21. Kuhusu bwenini, dawa ni ripoti ya lazima kwa vyuo vyote, maana siri ile ile inatumika kwa kampuni za kubeti pia.

Mchangiaji wa 3: Basi ripoti itangulie, mikataba ifuate. Sheria ya 2010 inaipa CFTC uwezo wa kuzuia mikataba ya kamari inayopingana na maslahi ya umma. Iutumie kwa mechi za vyuo.