Mgeni wa mbogo anakuja na .45-70 ya wenzo: achague risasi ipi aliyojaza mwenyewe?

Msasi_wa_Sikonge
Wakuu, mwangaluka. Nafanya kazi chini ya mwindaji bingwa kwenye kitalu upande wa Sikonge. Mwezi wa nane tunapokea mgeni kutoka Marekani, anataka mbogo na pofu, na hataki kusikia habari za bunduki ya .375 (namba hiyo ni kipenyo cha risasi kwa inchi). Anakuja na bunduki ya Marlin 1895 inayopiga risasi za .45-70, ile ya kukoki kwa wenzo, na risasi anajaza mwenyewe nyumbani kwake. Ameniandikia ana vichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) vya aina nne, nimchagulie:

Greni (kipimo cha uzito) 300 vyenye tundu puani, vya mwendo mkali.
Greni 405 vya risasi (yale madini) laini yenye koti la shaba.
Greni 430 vya risasi ngumu ya kumimina, pua bapa pana.
Greni 400 vya shaba tupu, pua bapa.

Bosi wangu ameniachia nimjibu. Naomba uzoefu wenu, hasa waliosimama karibu na mbogo.

Mzee_wa_Miombo
Mwangaluka, kijana wangu. Hizo 300 aziache nyumbani kabisa. Zimeundwa kwa ajili ya paa wa kwao, zifunguke upesi kwenye mnyama mwembamba. Ukimpiga nazo mbogo begani, zinapasuka kwenye mfupa na nyama ya juu, mapafu hayaguswi. Halafu mnaingia kwenye vichaka kumfuata mbogo mwenye jeraha la juujuu, na hapo wa kwanza kukutana naye ni mfuata nyayo.

Hizo 405 laini ni nzuri kwa pofu, kongoni na palahala. Cartridge hii (risasi nzima, ganda na kichwa) ni ya mwaka 1873, ya jeshi la Marekani, na 405 ndio uzito wake wa asili, mwendo wake wa kiwandani ni kama futi 1,330 kwa sekunde. Kwa mbogo mimi siziamini, kwa sababu zinatanuka mno kabla hazijafika ndani.

Mimi nasema 430 ngumu. Kwa mwendo wa taratibu kama huu kinachoua si kutanuka, ni kupenya moja kwa moja. Pua bapa inakata nyama njia nzima na haipindi kwenye mfupa kama pua ya duara. Awe na subira tu: akimpiga kwa ubavu, inaweza kutokea upande wa pili. Nyuma ya mbogo kukiwa na mbogo mwingine, asubiri. Mnyama aliyejeruhiwa anahesabiwa kwenye leseni yake hata kama hakuonekana tena, na mimi naona ni dhambi pia kumwachia fisi mnyama uliyemtia jeraha bila kukusudia.

Fundi_Mtutu_Tabora
Nakubaliana na Mzee kuhusu pua, ila kura yangu inaenda kwa shaba tupu. Risasi ya kumimina inategemea nani kaimimina. Ikiwa laini mno inabonyea, ikiwa ngumu mno inaweza kuvunjika kwenye mfupa wa bega. Shaba tupu haina bahati nasibu hiyo.

Jambo moja alijue: shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha greni 400 cha shaba ni kirefu zaidi na kinakula nafasi ndani ya ganda. Kipimo cha baruti cha kichwa cha risasi asikihamishie kwenye shaba. Afuate kitabu cha mtengenezaji wa kichwa hicho, na ukurasa wa bunduki za wenzo. Vitabu vinaigawa .45-70 mara tatu: bunduki kongwe za Springfield hazitakiwi kuvuka mgandamizo wa psi 28,000, Marlin ya kisasa ni kama 40,000, na juu zaidi ni za Ruger No. 1, bunduki imara zaidi. Ni ganda lilelile na jina lilelile. Akichukua kipimo cha Ruger akakitia kwenye Marlin, anahatarisha macho yake na ya aliyesimama kando yake.

Kibondo_Nzohe
Huku Moyowosi nyongeza fupi. Kama atapenda na nzohe (swala wa kwenye matete), mwambieni bunduki hiyo si yake. Nzohe unampiga ng'ambo ya matete, mbali. Hiyo .45-70 ya vichwa vizito ukiilenga kwa mita 100, ikifika 200 imeshuka zaidi ya sentimita 30. Kwa mbogo wa mita 40 haina neno.

Msasi_wa_Sikonge
Asanteni sana. Ameniuliza pia, kwa kuwa kipenyo ni kilekile cha .458, kwa nini asitumie vichwa vya greni 500 vya .458 Winchester?

Fundi_Mtutu_Tabora
Hapana. Vile vimeundwa kwa mwendo wa kama futi 2,100. Vile laini kwa mwendo wa .45-70 havitafunguka vizuri. Cartridge inakuwa ndefu, haipiti kwenye mashine ya Marlin. Kubwa zaidi ni magazini. Bunduki hii ina bomba chini ya mtutu, risasi zinalala pua kwenye kitako cha mwenzake. Pua ya duara yenye koti gumu ikigonga fataki (kiwashio cha kwenye kitako) ya risasi ya mbele wakati bunduki inaruka nyuma (mrusho), inaweza kulipuka humo ndani. Ndiyo maana tunang'ang'ania bapa.

Na ganda alikaze vizuri kwenye mfereji wa kichwa (ule mkato unaokizunguka), maana springi na mrusho vinakisukuma kichwa ndani. Zote atakazobeba azipitishe kwenye bunduki moja moja kabla hajafunga sanduku. Pua pana mno huwa zinakwama.

Askari_Mstaafu
Kwa upande wa sheria, kwa mbogo kipenyo kisipungue .375, hapo yuko salama. Ndege zinaruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, na risasi hizi ni nzito, kila moja inapita gramu 40. Asipange kujazia zingine kambini. Chini ya sheria ya silaha ya 2015, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa.

Tena, joto. Baruti nyingine hupandisha mgandamizo zikipata moto, na dashibodi ya Land Cruiser mnaijua. Aache nafasi chini ya kiwango cha juu, na boksi likae kivulini.

Msasi_wa_Sikonge
Nimemjibu: 430 ngumu au 400 za shaba, ile itakayopita bila kukwama na kupiga pamoja kwa mita 50. Za 405 alete chache kwa ajili ya pofu.

Mzee_wa_Miombo
Zikipiga mahali tofauti na zile za mbogo, aziache. Abebe aina moja tu; pofu ataanguka kwa hiyo hiyo.