Tupeane uzoefu: wali wa kukaanga kwa kimchi, wewe unaupikaje nyumbani?

Mgeni wa Daejeon

Habari za jioni wadau. Najua humu kuna waliosoma Korea, wanaofanya kazi huko, na wale walioanza na tamthilia wakaishia jikoni. Leo tuzungumzie chakula kimoja tu, kimchi bokkeumbap, yaani wali wa kukaanga kwa kimchi, ile kabichi ya Kikorea iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili. Supu na bibimbap tuviache, tusije tukapotea.

Naanza mimi. Nilipofika huku Korea nilipanga goshiwon, vile vyumba vinavyotosha kitanda na meza. Nyingi zina jiko la pamoja, na mwenye nyumba anaweka wali na kimchi bure. Sasa mwisho wa mwezi, hela imekata, wali upo, kimchi ipo, yai huwezi kukosa. Nadhani wanafunzi wengi wa kigeni wanajifunzia hapo.

Kwangu mimi kimchi ikiwa changa ni bora uile hivi hivi. Ya kukaanga iwe imechacha kweli, mpaka ukifungua chombo pua inashtuka. Wenyeji hutengeneza nyingi kwa mkupuo Novemba na Desemba, ndugu na majirani wakishirikiana. Shughuli hiyo ndiyo kimjang, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2013. Kimchi hiyo inakaa kwenye friji lake maalumu, inaendelea kuchacha polepole, na ikishakuwa kali mno kwa kuliwa pembeni ya wali, inahamia kwenye kikaango.

Naikata kwa mkasi ndani ya bakuli, naikamua, maji yake nayahifadhi. Mafuta kidogo, vitunguu majani vinatangulia, kisha kimchi peke yake mpaka kingo zibadilike rangi na ule ukali upoe. Hapa usiwe na haraka. Sukari nusu kijiko cha chai, gochujang (rojo zito la pilipili lililochachushwa) kijiko kimoja cha chakula kwa sahani mbili. Ndipo wali uliolala uingie, unauvunjavunja kwa mgongo wa mwiko. Maji ya kimchi yafuate kidogo kidogo, ukiyamwaga yote unapata uji mwekundu. Mafuta ya ufuta ni baada ya kuzima moto, la sivyo harufu yote inaondoka na mvuke. Juu yake yai ambalo kiini bado kinatembea.

Haya, leteni yenu.

Bi Mkunazini

Asalaam alaykum. Mie niko Seoul na mume wangu, na sisi jambo la kwanza ni nyama. Wenyewe hupenda kutia nguruwe au ile nyama ya kopo aina ya Spam, iliyoenea huku kupitia kambi za jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Korea na baada yake. Mie natia jodari wa kopo, na si kwamba nimebuni, Wakorea wenyewe wanaupika hivyo sana. Mchuje mafuta yake, mkaange pamoja na kimchi kabla ya wali.

La pili ambalo wageni wengi hawalijui: gochujang nyingi za dukani zina spiriti ya nafaka iliyotiwa ili isiharibike. Someni lebo, tafuteni neno jujeong. Zipo zisizokuwa nayo, na zenye alama ya halali utazikuta maduka ya Itaewon, kule jirani na msikiti mkuu. Na anayejizuia na baadhi ya vitu vya baharini aulize pia, maana kimchi ya kawaida ina kamba wadogo wa chumvi au mchuzi wa samaki.

Mwenyeji wangu mmoja hunyunyizia juu vipande vya gim, ule mwani mwembamba wa kuokwa. Shangazi yangu wa Paje aliponisikia akataka kunitumia mwani wa kwao! Nikamwambia shangazi, huo wenu ni aina nyingine kabisa.

Kiporo Hakilali

Mimi niko Dar na kimchi natengeneza mwenyewe, maana ya kununua bei yake inakatisha tamaa. Kabichi ya Kichina, ile ndefu, naipata sokoni. Naikata, naipaka chumvi ya mawe, naiacha saa chache inywee mpaka jani likunjike bila kuvunjika, naisuuza vizuri. Kitunguu saumu kingi, tangawizi, figili, vitunguu majani, na uji mzito wa unga wa mchele wa kushikiza pilipili. Badala ya kamba wao wa chumvi natumia uduvi mkavu uliosagwa. Dada wa Seoul asinicheke, unakubali.

Pilipili ndiyo kazi. Gochugaru yao, ile pilipili kavu iliyosagwa, ina rangi kubwa na ukali wa wastani. Ukichukua pilipili kichaa ya kwetu kwa kipimo kile kile, huli hicho chakula. Nachanganya paprika nyingi na pilipili kavu ya kwetu kidogo.

Uzuri wa joto letu ni kwamba huhitaji kusubiri miezi. Hapa ikikaa mezani siku moja au mbili tayari inatoa mapovu, naisukuma ndani ya maji yake, naihamishia kwenye friji. Usijaze chupa mpaka juu na usikaze kifuniko.

Nyani wa Ngara

Sasa hapo kwa wali niwaulize. Kila maelekezo yanasema mchele mfupi wa Kikorea. Mimi niko Nairobi, nina pishori ya Mwea, na nauona unafaa kabisa! Kiporo cha jana kutoka kwa friji, punje zimekauka, moto mkali, dakika tano umemaliza. Harufu ya pishori na uchachu wa kimchi zinaelewana vizuri ajabu. Gochujang sina, naweka nyanya ya kopo kidogo na soya sosi. Mke wangu anauita pilau ya Seoul, na wanangu wanamaliza sufuria.

Mgeni wa Daejeon

Mkuu wa Ngara, kwa kula vizuri nakubali, ila kwa ladha ya huku nabisha. Mchele mfupi unashikana kidogo, kila kijiko kinabeba kimchi na kiini cha yai kwa pamoja. Pishori au Kyela kimchi inabaki chini ya sahani. Na hiyo nyanya tuiite jina lingine, haha.

Halafu kuna ukoko. Mwisho kabisa ubonyeze wali kwenye kikaango, punguza moto, usiuguse mpaka usikie unatatarika. Kwenye migahawa ya dakgalbi, ile kuku ya pilipili ya Chuncheon, mkimaliza nyama mhudumu anamwaga wali kwenye sinia lile lile la chuma, anaukaanga na mabaki ya mchuzi, anautandaza. Kila mtu mezani anakwangua. Mtu aliyekulia kwetu akigombania ukoko wa sufuria hahitaji kufundishwa.

Bi Mkunazini

Hapo kwenye ukoko nipo. Kikaango cha chuma ndicho, hivi visivyoshika chakula havitoi ukoko wa maana.

Mja wa Muscat

Naongezea fupi. Watoto wangu hawawezi pilipili, kwa hiyo naisuuza kimchi kwa maji, naikamua, naikaanga kwa siagi badala ya mafuta, jibini ya kuyeyuka juu, nafunika dakika moja. Wakubwa tunajiongezea gochujang mezani. @Kiporo Hakilali, uduvi unatia kiasi gani kwa kabichi moja? Nimeletewa mfuko mzima kutoka Tanga.

Kiporo Hakilali

Kabichi moja kubwa, vijiko viwili vya chakula ukishausaga. Uchambue kwanza na uuoshe mchanga, kisha uukaushe kwenye kikaango kikavu kabla ya kusaga. Na ukitia uduvi punguza chumvi kwenye ule uji.