Kongamano Mombasa siku tatu, na bango langu limekubaliwa: nijipange vipi?

Nyakach_Maabara
Hamjambo wadau. Niko maabara ya hospitali ya kaunti hapa Kisumu. Mwezi ujao naenda kongamano Mombasa, na bango langu (lile la kuonyesha utafiti ukutani) kuhusu vipimo vya malaria limekubaliwa. Gharama zinatoka kwa masurufu ya kazini, yaani pesa za safari ninazopewa mapema. Sitaki kurudi na cheti na mkoba tu. Nianzie wapi?

Bonde_Nakuru
Anza na bango, maana ndilo litakalokuletea watu. Kabla ya kuchora chochote, waulize waandalizi ubao una upana gani, na bango liwe la wima au la kulala. Bango la saizi ya A0 ni milimita 841 kwa 1189. Likiwa la kulala na ubao ni wa mita moja, litaning'inia nje.

Ukilitengenezea kwenye ukurasa wa A4, kila herufi itakuzwa mara nne. Pointi 8 zitakuwa 32, mtu atasoma akiwa amesimama. Pointi 5 zitakuwa 20, na hapo atapita. Kichwa kiwe 24 kwenda juu kwenye hiyo A4.

Picha za hadubini ndizo huharibika zaidi. Ukizituma WhatsApp kama picha, zinabanwa: kwenye simu vimelea vinaonekana sawasawa, kwenye A0 ni ukungu wa zambarau. Zitume kama dokumenti, na faili ya mwisho iwe PDF. Chapisha kwenye kitambaa, kinakunjwa kikaingia begini. Karatasi inataka mrija, na mrija husahaulika kwa basi.

Mama_Shinyalu
Ratiba ikitoka, isome na kalamu mkononi. Usijaze kila saa. Tafuta watu wanne wanaofanya kazi inayogusa yako, uwaandikie wiki mbili kabla, sentensi tatu tu: wewe ni nani, swali lako moja, na siku na saa utakayosimama kando ya bango. Hiyo ya mwisho usiiache. Ukimwambia mtu "tutaonana huko" hujampa mahali pa kukutafuta.

Na tafadhali, wakati wa chai usikae na watu wa kituo chako. Hao utawaona Jumatatu.

Nyakach_Maabara
Asanteni sana. Na ukumbini, swali linaulizwaje bila kuchosha watu?

Bonde_Nakuru
Jina, kituo, swali. Sifa na hotuba ziache. Uliza mbinu, kwa sababu hiyo hujibika papo hapo: "Kila slaidi ya damu ilisomwa na watu wangapi, na walipotofautiana nani aliamua?" Msemaji akijibu kwa kifupi, mfuate akishuka jukwaani. Mkielewana, piga picha ya kadi yake na uandike hapohapo mlichoahidiana. Mtumie ujumbe ndani ya siku mbili, ukitaja jambo hilo hilo.

Hesabu_Siaya
Mimi nasemea karatasi. Tia sahihi kwenye orodha kila siku, si ya kwanza pekee, na jina liwe kama lilivyo kwenye leseni yako, usije ukasumbuka kudai pointi za CPD (mafunzo endelevu ya taaluma). Hesabu ya masurufu inarejeshwa ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni. Ikichelewa, pesa hukatwa kwa mshahara. Weka pasi za ndege, risiti ya hoteli na ya ada. Risiti za mashine hufifia kwa joto la Mombasa, kwa hiyo zipige picha siku hiyohiyo.