Viwavi kwenye mdimu wangu, niwaue au niwaache?

Mama Salma, Kilifi: Jamani naombeni msaada. Nina mdimu mdogo nyuma ya nyumba, wiki iliyopita niliona vitu kwenye majani nikadhani mavi ya ndege nikapita zangu, leo naangalia kumbe vinatembea na vinakula, vingine vishakuwa kijani na vinene kama kidole, nikagusa kimoja na kijiti kikatoa pembe mbili rangi ya chungwa na harufu mbaya kweli. Majani ya juu yote kwisha. Wanauma hawa? Nipulize dawa?

mkulima_muheza: Hawaumi dada. Ile pembe ni ya kutisha siafu na buibui tu. Mimi nina machungwa, mti mkubwa hata hausikii, mche ndo unaumia. Dawa usipulize, watoe kwa mkono, na uangalie majani machanga kila asubuhi maana mama yao hutaga yai mojamoja, dogo, la njano, baada ya siku chache tu kiwavi huyo.

Bi Kizee wa Gede: Msiwaue tafadhali!! Huyo ni yule kipepeo mkubwa mweusi na madoa ya njano, kwa kitaalamu Papilio demodocus, mtamuona pembezoni mwa msitu na kwenye bustani hatulii, hata akinyonya ua mabawa yanatetemeka, na madume hujaa kwenye matope mvua ikikatika. Kabla ya ndimu na machungwa kuletwa huku alikuwa akila miti ya porini kama mjafari, na mpaka leo anaila. Wahamishie huko, au kwenye mchungwa mkubwa. Sisi huku tunaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke tunajua thamani ya kipepeo, tangu 1993 kuna mradi wa Kipepeo hapa Gede, watu wanafuga, pupa (yaani kiwavi akishajifunga kabla hajawa kipepeo) zinauzwa hadi Ulaya, ada za shule zimelipwa na hawa wadudu.

Mama Salma, Kilifi: Asante sana bibi, sikujua kabisa. Sita nimewapeleka kwa mchungwa wa jirani, kakubali. Ila mmoja kapanda ukutani kajifunga na uzi kiunoni, kakauka, kawa rangi ya kahawia kama kijiti. Kafa?

Bi Kizee wa Gede: Hajafa mwanangu, hiyo ndo pupa. Akijifunga kwenye majani aghalabu huwa kijani, ukutani kahawia, anajificha hivyo. Usimbandue. Ngoja wiki mbili, pengine tatu, atatoka asubuhi mabawa yamekunjamana, mwache ayakaushe. Ila ukiona katundu kadogo ubavuni basi nyigu kamuwahi.