Chuo cha Zambia kufundisha Mbeya: kibali cha kwao kinatosha?

Mdau_Mwanjelwa: Wakuu, chuo kikuu kilichosajiliwa na HEA, mamlaka ya elimu ya juu ya Zambia, kinataka kufundisha shahada Mbeya kwenye jengo la kupanga. Kibali cha Lusaka kinavuka Tunduma?

Ithibati: Hakivuki, mkuu. Hapa ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura 346. Barua ya HEA ni kiambatisho tu, na ionyeshe ithibati (uthibitisho wa ubora) ya kila programu, si usajili wa chuo peke yake. Kisha kuna ukaguzi: madarasa, maktaba, maabara, wahadhiri. Kwenye wahadhiri ndiko penye kisiki. Ukiorodhesha watu wa Lusaka, kila mmoja anahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi, ofisi mbili tofauti. Na msibandike tangazo la udahili kabla ya kibali. Atakayeumia ni mwanafunzi mwenye cheti kisichotambulika.

Kyela_Juu: Stashahada peleka NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Hoja ya uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) isahau, Zambia haimo. Malawi vilevile.

Mdau_Mwanjelwa: Na kijana akienda kusoma hukohuko?

Ithibati: Aombe NOC ya TCU, yaani cheti cha kutokuwa na pingamizi, kabla ya kuondoka. Akirudi, cheti kinapelekwa TCU kutambuliwa.