Pikipiki ya injekta inakula mafuta kuliko Boxer ya kijana wangu, nianzie wapi?

Mzee wa Asali (Tabora)

Wakuu, mwangaluka. Mimi ni mnunuzi wa asali, nakaa Ipuli hapa Tabora mjini. Kila wiki natoka na ndoo tupu, napita Sikonge, naingia vijiji vya upande wa Ipole, narudi na ndoo mbili zimejaa, moja kila ubavu wa pikipiki. Asiyeijua asali asinicheke. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, ikijaa asali ni kilo 28. Hapo ni kilo 56 kabla hujaweka kitambi changu.

Mwaka jana niliuza pikipiki ya kabureta nikanunua hii ya injekta, injini ya cc 150, mtumba lakini safi. Miezi ya mwanzo ilinipa kilomita 42 kwa lita na mzigo juu. Nikatamba kijiweni. Sasa inanipa 33. Safari yangu ni kilomita 210 kwenda na kurudi, nilizoea lita 5, siku hizi zinakwenda 6 na ushee. Kijana wangu ana Boxer, naye ananiuliza kila jioni, "Baba, leo imekula ngapi?" Anajua jibu. Na ikifika Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitoa bei mpya za mafuta, mama watoto ananisomea kwa sauti kama tangazo la msiba.

Plagi nimebadilisha, eya klina nimebadilisha, oili nimemwaga. Fundi wangu wa siku zote alitaka afungue kabureta apunguze jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli. Nikamwambia hii haina kabureta, akanitazama kama nimemwambia ng'ombe huyu hana tumbo.

Swali langu: hizi za injekta mtu anazisetije ili zile mafuta kidogo? Au nirudi nilikotoka?

Boda Isevya

Mzee uza hiyo kitu, chukua Boxer kama mwanao, mjini hapa kila kona kuna spea na kila mtoto anaijua. Kama hutaki, ongeza jino moja kwenye sproketi ya mbele, ile gia ya cheni, injini itazunguka taratibu, mafuta yatapungua. Mimi nimefanya, naona kilomita zinapanda.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Shikamoo mzee wangu. Usiuze kwanza.

Boda, hilo jino analoongeza atalibeba nani mchangani na kilo 56 nyuma? Atapanda kila kamlima kwa gia ya pili, na faida yote inaishia hapo. Halafu kuna pikipiki zinazosoma mwendo kutoka kwenye gia boksi, siyo kwenye tairi la mbele. Ukibadilisha sproketi ya hizo, na kilomita unazosoma kwenye dashibodi zinakuwa za uongo. Ukiongeza jino mbele zinasomeka pungufu, basi hesabu yako ya mafuta haiaminiki.

Sasa mzee, nikueleze kwa nini jeti haipo. Kabureta ni bomba lenye tundu, hewa ikipita inanyonya petroli, basi. Injekta inafunguliwa na kontroli boksi, yaani ubongo wa injini, kwa sehemu chache za elfu za sekunde, na boksi haliamui kwa macho. Linauliza sensa, yaani vipimo vidogo vya umeme. Hewa iliyoingia ina mgandamizo gani, ina joto gani, injini imepata moto kiasi gani, umevuta mafuta kiasi gani, injini inazunguka mara ngapi. Kisha kwenye ekzosti kuna sensa ya oksijeni inayonusa kilichotoka. Moshi ukiwa na petroli nyingi inatoa volti karibu 0.9, hewa ikizidi inashuka hadi karibu 0.1, na boksi linaongeza au linapunguza ili lilenge kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli.

Maana yake ni hii: pikipiki ikiwa imepata moto na wewe unatembea mwendo wa kawaida, inajiseti yenyewe kila sekunde vizuri kuliko mimi na bisibisi yangu. Lakini ikiwa ya baridi, au ukivuta mafuta mpaka mwisho, boksi halisikilizi tena pua ya ekzosti. Linafuata hesabu yake na sensa zile nyingine, na linamwaga kwa wingi makusudi.

Wapo wanaofungua kontroli boksi kwa kompyuta wakaandika hesabu upya. Inawezekana kupeleka hewa hadi kilo 15.5 badala ya 14.7, ukaokoa kidogo ukiwa barabarani. Kazi hiyo inataka sensa maalumu ya kupimia moshi na mtu anayejua anachofanya. Ukikosea, injini inachemka, vali zinaungua, na pesa uliyookoa sheli unaipeleka kwa fundi. Kwa kazi yako sikushauri.

Kwa hiyo kuseti injekta ili ile mafuta kidogo, kwangu mimi, ni kuhakikisha hakuna sensa inayodanganya na hakuna kitu kinachoivuta pikipiki nyuma. Nijibu haya:

Umepimaje hiyo 33? Kama umekadiria kwa kuangalia geji, hatujaanza. Jaza hadi shingoni pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, tembea, rudi sheli ileile na pampu ileile, jaza hadi palepale. Gawa kilomita kwa lita. Fanya zaidi ya mara moja.

Ekzosti imewahi kuchomelewa au gasketi yake kubadilishwa? Tundu dogo kabla ya sensa linavuta hewa ya nje, sensa inadhani petroli ni kidogo, boksi linaongeza. Unasikia "tiptiptip" asubuhi ukiwasha?

Kuna waya wowote ulioongezwa?

Mzee wa Asali (Tabora)

Marahaba mwanangu. Nimepima hivyohivyo unavyosema, nimefanya biashara miaka mingi, mizani naijua. Ekzosti haijaguswa.

Hilo la waya sasa. Sikutaka kulisema maana nilijua nitachekwa. Kuna kijana alipita stendi anauza visanduku vya kupunguza matumizi ya mafuta, vina taa ya kijani. Kinachomekwa kwenye waya wa sensa ya joto la hewa. Nilikichukua kwa bei ambayo siitaji hapa kwa sababu mke wangu ana simu. Aliniambia kitaokoa robo ya mafuta. Nilikiweka mwezi wa pili, na nikikaa kufikiri, 33 ilianza baada ya hapo. Ila pikipiki ilipata nguvu kidogo ikiwa ya baridi, nikadhani kinafanya kazi.

Boda Isevya

😂😂 Mzee taa ya kijani ndiyo imekumaliza

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Boda acha mzee, hata mafundi wameuziwa.

Mzee, kitoe, kipasue, tuambie ndani kuna nini.

Mzee wa Asali (Tabora)

Nimekipasua kwa nyundo mbele ya fundi redio wa Kanyenye. Ndani kuna ile taa, betri ya saa, na rizista moja, kile kifaa cha kubana umeme, yenye mistari ya rangi. Fundi redio akaipima inabana umeme kiasi gani: kiloomu 4.7. Akafungua droo akanionyesha nyingine kama hiyo, anaiuza kwa bei ya peremende. Nikakaa kimya muda.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Haya, sasa hesabu inaonekana. Sensa ya joto la hewa ni rizista inayobadilika: hewa ikipoa, omu zinapanda, ikipata joto zinashuka. Nyingi zinakaa kiloomu 2 na kitu kwenye nyuzi 20. Wewe ukaongeza 4.7 kwenye waya huohuo. Boksi likasoma karibu 7, likasema hewa iko kwenye nyuzi 0 au chini yake. Jua la Tabora mwezi wa kumi linapasua maembe, kontroli boksi yako inadhani iko kileleni Kilimanjaro imevaa koti.

Hewa ya baridi ni nzito. Hewa ya nyuzi 0 ina uzito kama asilimia 11 zaidi ya ile ya nyuzi 30, kwa hiyo boksi linaongeza petroli kwa kiasi hicho. Ukiwa lami mwendo mzuri, sensa ya ekzosti inasahihisha. Ila wewe uko mchangani na asali, mkono umevuta, hapo hakuna anayesahihisha. Ile nguvu ya asubuhi ndiyo petroli ya ziada yenyewe. Kisanduku cha kupunguza kilikuwa kinaongeza.

Na taa ya injini haikuwaka kwa sababu waya haukukatika, ulidanganywa tu. Taa inawaka sensa ikitoa namba isiyowezekana. Siku ikiwaka, usikimbilie mashine ya kupimia. Kwenye Honda nyingi inapepesa yenyewe: kupepesa kurefu ni 10, kufupi ni 1. Ikipepesa mara 9 fupi ni sensa ya joto la hewa, ndefu mbili na fupi moja ni ya oksijeni.

Rudisha waya kama ulivyokuwa, solda, funga vizuri. Usibadilishe kitu kingine wiki hiyo. Kimoja kimoja, vinginevyo hutajua kilichokuponya.

Dada Chanjo (Uvinza)

Jamani na mimi niongeze, naendesha ya injekta ya kazini, nyuma nabeba boksi la chanjo. Mzee unatembea mwendo gani? Mimi nilikuwa na haraka, 80 mpaka 85. Nikashuka hadi 60, sikuamini. Mwenzetu mmoja alinipigia hesabu: upinzani wa upepo unapanda kwa mraba wa mwendo, kutoka 60 kwenda 80 ni karibu mara 1.8. Ndoo mbili ubavuni, mzee, hapo umefungua mwavuli.

La pili, petroli ya chupa. Huku kwetu kuna siku huna budi. Lakini ikichanganywa na mafuta ya taa, injini inagonga ukipanda mlima, na uchafu wake unakwenda moja kwa moja kwenye chujio la pampu. Siku ya shida nanunua lita moja ya kunifikisha sheli, sijazi.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Dada amesema kweli. Na pampu iko ndani ya tenki, inapozwa na petroli yenyewe. Wale wa kuweka "ya elfu tatu" kila siku, tenki likiwa linalia, wanaua pampu mapema. Pampu ikichoka, mgandamizo unashuka, pikipiki inakosa nguvu, unavuta zaidi.

Mha wa Kasulu

Kuna wanaomwambia mzee arudi kabureta. Mimi nashuka Kigoma napanda Kasulu kila wiki. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, huku juu tunapita 1,200. Kabureta iliyosetiwa Kibirizi kule ziwani ikifika huku inatoa moshi mweusi, hewa ni nyepesi lakini jeti ni ileile. Ya injekta inasoma mgandamizo inapunguza yenyewe. Tabora nayo iko kwenye 1,200 hivi. Mzee baki nayo.

Mzee wa Asali (Tabora)

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nimeandika kwenye daftari la asali, ukurasa wa nyuma.

Safari ya kwanza, kisanduku nimetoa, mengine sikugusa. Kilomita 210, ndoo mbili, lita 5.7. Hiyo ni karibu 37.

Kabla ya safari ya pili nikaiweka kwenye stendi kubwa, nikazungusha tairi la nyuma kwa mkono. Lilizunguka nusu likasimama. Nikashika drumu baada ya kwenda sokoni na kurudi, moto! Nikakumbuka nilikaza cheni Sikonge. Kumbe ukikaza cheni tairi linarudi nyuma, na fimbo ya breki inavutika nalo. Nilikaza cheni nikakaza breki bila kujua, nikawa natembea miezi nimekanyaga breki. Nimelegeza nati yake mpaka tairi likazunguka huru. Upepo wa tairi la nyuma nao ulikuwa 22, nimepeleka 36 kwa ajili ya mzigo. Najua umesema kimoja kimoja, nimekiuka. Lita 5.2. Kama 40.

Safari ya tatu nikamsikiliza dada, 60 haizidi, malori yananipita yananimwagia vumbi. Lita 4.8. Nimegawa mara tatu: karibu 44! Kuliko hata ilivyokuwa mwanzo. Nimemtumia kijana wangu picha ya risiti.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Hongera sana mzee. Swali moja tu: hiyo safari ya 44, ndoo zilikuwa mbili zimejaa?

Mzee wa Asali (Tabora)

Ee.

Ilikuwa moja na nusu. Mizinga ya mtu mmoja haikuwa imeiva.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Nilijua 😄 Itakuwa 42 yako ya zamani imerudi. Pima tena zikijaa.

Mzee wa Asali (Tabora)

Ijumaa nakwenda. Kijana wangu nitamwambia 44 hadi Ijumaa.

Dada Chanjo (Uvinza)

Mzee na hiyo nusu ndoo, unauza lita kwa ngapi? Kuna gari la kazini linapita Tabora Jumatatu.