Dawa ikikataa kwenye TLC: tuizuie siku hiyo hiyo au tusubiri HPLC?

Mleta mada (mfamasia, hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa)

Wakuu, habari za kazi. Naileta hoja hii kwa wafamasia, wakemia, wakaguzi, wenye maduka ya dawa, na kwa yeyote anayemeza vidonge, maana mwishowe mzigo wote unamwangukia yeye.

Wengi mnaijua Minilab, lile sanduku la kupimia dawa la mfuko wa GPHF wa Ujerumani. Hapa nchini limetumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kabla haijawa TMDA mwaka 2019. Kipimo chake kikuu ni TLC, yaani kromatografia ya tabaka jembamba, njia ya kutenganisha kemikali kwenye bamba dogo. Swali langu ni hili: dawa ikikataa kwenye TLC, majibu hayo yawe na nguvu ya kuzuia toleo zima (dawa zote zenye namba moja ya kiwandani) lisitoke stoo siku hiyo hiyo, au yaitwe "ya awali" na dawa iendelee kugawiwa hadi HPLC, mashine inayopima kiasi hasa cha kiambato, ijibu kutoka maabara kuu? Mimi nasema izuiwe siku hiyo hiyo.

Kwa ambao hawajakiona kipimo chenyewe: kidonge kinafungwa kwenye karatasi ya alumini na kupondwa kwa mchi. Unga unatiwa chupani pamoja na methanoli, unatikiswa, kisha unaachwa machicha yatulie. Myeyuko wa juu unanyonywa kwa kapilari ya mikrolita 2 na kudondoshwa kwenye bamba dogo lililopakwa silika, sentimita moja na nusu kutoka chini. Madoa manne yanakaa kwenye mstari mmoja. La kwanza ni dawa ya kulinganishia yenye nguvu ya asilimia 100, mawili ya katikati ni sampuli, la mwisho ni ya kulinganishia tena, ila kwa asilimia 80. Bamba linasimamishwa kwenye chupa yenye kimiminika kidogo. Kimiminika kinapanda na kuzibeba kemikali, kila moja kwa mwendo wake. Baada ya kama robo saa unalitoa, unalikausha, unalimulika kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 254. Bamba zima linang'aa kijani, na palipo na dawa panaonekana doa la giza. Madoa ya katikati yasipofika usawa wa yale ya pembeni, basi kilichomo kwenye kidonge sicho kilichoandikwa kwenye boksi. Yakiwa yamefifia kuliko lile la asilimia 80, dawa ni pungufu. Na yasipoonekana kabisa, sijui tunasubiri maabara kuu ituambie nini zaidi.

Mwaka 2009, hapa hapa Tanzania, Metakelfin yenye kiambato pungufu ilikutwa kwenye maduka ya dawa 40. Hiyo ni dawa ya malaria, jamani. Halafu majirani zetu wa Ituri, Kongo: kuanzia mwishoni mwa 2014 watu walianza kufika hospitali shingo zimepinda, ulimi nje, macho yamegeukia juu, wengi wao watoto. Mwanzoni wakadhaniwa wana homa ya uti wa mgongo. Kumbe vidonge walivyopewa kama diazepam vilikuwa na haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Walioathirika walikuwa mamia, na jambo liliendelea hadi 2015. Najiuliza ingekuwaje kama kituo kimoja tu cha afya kule kingekuwa na bamba na mtu mwenye mamlaka ya kusema "boksi hili halitoki".

Ieleweke kwamba sisemi dawa ichomwe wala mtu apelekwe mahakamani kwa doa la bamba. Nasema itengwe, ifungiwe, sampuli isafirishwe siku hiyo hiyo. Karibuni.

Mchangiaji (mmiliki wa duka la dawa)

Ndugu mfamasia, nakuelewa, lakini hiyo "kutengwa tu" unaiona nyepesi kwa sababu mzigo si wako. Mkaguzi akifunga katoni zangu mbele ya wateja, kesho mtaa mzima unasema nauza dawa feki. Majibu yakirudi kwamba dawa ni nzima, nani anazunguka nyumba kwa nyumba kunisafisha? Na tarehe ya kuisha muda wa dawa haisimami kusubiri barua yenu. Mimi nimenunua kwa msambazaji aliyesajiliwa na risiti ninazo. Anayestahili kubanwa ni aliyeingiza mzigo.

Mleta mada

Mkuu, hapo kwenye jina la duka nakuunga mkono asilimia mia. Zuio liwe la toleo, litangazwe kwa namba ya toleo, lisiwe la duka. Na likiwa la toleo, linamgusa msambazaji na kila aliyenaye, hutakuwa peke yako.

Mchangiaji (mkemia, maabara ya dawa)

Nawapa upande wa benchi, kwa sababu naona TLC inasifiwa kuliko uwezo wake.

Kwanza, ni jicho linalosoma. Doa la asilimia 85 na la asilimia 95 ukiyaweka pamoja, wengi hawatayatofautisha. Vitabu vya viwango kwa vidonge vingi vinataka kiambato kiwe kati ya asilimia 90 na 110, kwa hiyo kidonge cha asilimia 84 ni kibovu kisheria, na bamba litakipitisha. Pili, bamba halijui kama kidonge kitaachia dawa tumboni. Kinaweza kuwa na kiambato chote na kikapita mwilini bila faida. TLC ni hodari wa kukamata dawa bandia, lakini dawa duni nyingi zinaipita. Mtu asije akashika bamba safi akatangaza dawa ni salama.

Tatu, mfano wa Ituri ni mzuri kuliko mleta mada anavyodhani, na una mtego. Diazepam na haloperidol ukizipandisha kwa methanoli yenye amonia kidogo, madoa yanafika karibu usawa mmoja. Mtu mwenye haraka atasema zimelingana. Zipandishe kwa klorofomu na methanoli, diazepam inakwenda juu na haloperidol inabaki chini yake. Dawa ni zile zile, na kimiminika kimebadilisha jibu. Ongeza unyevu wa Dar au Tanga unaoingia kwenye silika na kubadilisha mwendo wa madoa. Ndiyo maana dawa ya kulinganishia lazima ipande kwenye bamba lile lile, si namba ya kusoma kitabuni.

Pamoja na hayo, kwenye swali lenyewe niko upande wa kuzuia. Nyingi kati ya kasoro hizi zinafanya bamba lipitishe kidonge kibaya. Kukataa kizima hutokea pia, lakini mara nyingi ni uzembe unaogundulika ukirudia kwa kimiminika cha pili. Na HPLC jamani siyo kitu cha kila wilaya: inataka umeme usiokatika, asetonitrili, kolamu, mtu aliyefunzwa na fundi wa karibu. Baada ya watoto kufa Gambia mwaka 2022 kwa dawa za maji zenye diethilini glikoli, WHO ilitoa mwaka 2023 njia ya kupima sumu hiyo kwa hatua mbili, TLC ikitangulia kuchuja na kromatografia ya gesi ikifuata kuthibitisha. Kwa hiyo hata wakubwa hawajaitupa.

Mchangiaji (mhudumu, kliniki ya methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini)

Naomba kuingiza jambo ambalo mkilisahau litawaumiza watu wangu. TLC hiyo hiyo hutumika pia kupima mkojo wa wanaodhaniwa kutumia unga. Msije mkapitisha "bamba likikataa, chukua hatua" halafu mtu akalihamishia huku.

Heroini ikiingia mwilini haikai heroini. Ndani ya dakika chache inageuka kuwa kitu kinachoitwa 6-MAM, kisha mofini, na sehemu kubwa ya mofini hiyo inatoka kwenye mkojo ikiwa imefungwa na sukari ya ini. Usipoivunja kwanza kwa asidi au kimeng'enya, haitaonekana vizuri kwenye bamba, na mtumiaji atatoka msafi. Upande wa pili, kodeini ya kwenye dawa ya kikohozi nayo mwili huigeuza kiasi kuwa mofini. Basi doa la mofini peke yake halisemi huyu kavuta au kanywa dawa ya kifua. Kinachotenganisha ni 6-MAM, na hiyo huondoka kwenye mkojo upesi, mara nyingi ndani ya siku moja.

Nimewahi kumwona kijana anaondolewa kazini kwa karatasi ya kipimo cha mkojo cha mara moja ambacho hakikuthibitishwa popote. Alikuwa ameandikiwa dawa ya kikohozi na cheti anacho. Boksi la vidonge likifungiwa wiki tatu kwa makosa, ni hasara ya fedha. Mtu akifungiwa hivyo, anapoteza nyumba.

Mleta mada

Ndugu yangu wa kliniki, asante sana, na naliweka wazi kwenye hoja yangu: ninachotetea ni kuzuia *bidhaa*. Kwa binadamu, bamba lisitoe uamuzi wowote, hata wa muda, kabla ya uthibitisho wa mashine.

Kwa bidhaa, baada ya kumsikia mkemia, napendekeza utaratibu huu. Bamba likikataa, lirudiwe kwa kimiminika cha pili siku hiyo hiyo. Lisomwe na watu wawili, kila mmoja aandike peke yake kabla ya kusemezana. Lipigwe picha kwa simu chini ya taa, pamoja na namba ya toleo. Likikataa tena, toleo linafungiwa na sampuli inaondoka. Na maabara kuu iwe na siku maalum ya mwisho ya kujibu, iandikwe kwenye fomu ya zuio, ili yule mwenye duka ajue mwisho wa kusubiri kwake. Ikichelewa, gharama ya dawa iliyoishiwa muda ikiwa kizuizini isiwe yake.

Hiyo sentensi ya mwisho najua itapigwa. Nani alipe, serikali au msambazaji? Nawaomba wanasheria mnaoijua Sura ya 219, sheria ya dawa na vifaa tiba, mje hapa. Na wakaguzi wa Namanga, Rusumo, Mutukula na Tunduma, mnaoshika mabamba haya kila wiki, tuambieni: sampuli yenu ikiondoka kwenda maabara kuu, majibu mnayapata baada ya siku ngapi, na hiyo dawa wakati huo iko wapi?